Kimya cha Studio ya Nyuma

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Ticha, na haukuwa na ubaya wowote. Aliuliza tu: ule wimbo wa nne, wa yule dada anayevuta pumzi kabla ya kuimba, unaitwaje?

Digrii aliusoma akiwa kwenye kiti cha wateja, saluni kwa mama yake mdogo, mkononi ana kitambaa cha kufutia vioo. Wimbo wa nne kwenye mikisi yake, ule mchanganyiko wa nyimbo aliowatumia marafiki, ulikuwa wa mwanamume. Wa tano pia. Mwanamke pekee alikuwa mwisho kabisa, naye ni bibi mwenye sauti ya mlango usiotiwa grisi, anaimba bila kupumua kama mtu anayekimbilia basi.

Akajibu kwamba hakuna dada yeyote hapo, na kwamba Ticha aache kusahihisha madaftari huku anasikiliza muziki. Ticha akatuma kicheko. Halafu akaandika: Yupo. Nimemrudia tangu asubuhi.

Jina la Digrii alipewa na mtaa, na mtaa haukumpa kwa heshima. Alirudi kutoka chuo, msichana na shahada yake ya utangazaji, mama mdogo akaitia kwenye fremu na kuitundika saluni, katikati ya kioo na picha za mitindo ya nywele. Wateja wakawa wanauliza, hiyo nayo inasukwa kwa muda gani? Wanacheka. Digrii anacheka nao, kisha anaenda nyuma kuwasha simu na kusoma barua pepe nyingine ya samahani, tumepata mwenye uzoefu. Uzoefu. Watu wanataka uzoefu kutoka kwa mtu ambaye wao wenyewe ndio wamekataa kumpa mahali pa kuupatia, halafu wanakutakia kila la heri, best wishes, kana kwamba heri inalipa nauli.

Marafiki zake walikuwa watatu na wote walikuwa na kazi. Nesi alikuwa wodi ya wanawake. Ticha alifundisha hesabu. Fundi alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Walipokutana kila mmoja alilalamikia bosi wake, naye Digrii, ambaye angetoa figo moja apate bosi wa kumlalamikia, alikaa akisikiliza.

Ila kusikiliza ndiko alikokuwa anakuweza kuliko wote. Mwaka mzima alikuwa anawaibia. Nesi akitoka zamu hoi, anaimba kipande gani bila kujua? Digrii anakinasa. Fundi anapiga mluzi gani akiwa na bisibisi mdomoni? Ananasa. Mwaka ukielekea ukingoni anazitafuta nyimbo zote hizo, anazipanga, anachanganya na zile alizozipenda mwenyewe, anawatumia. Mikisi ya kufunga mwaka. Masharti ni mawili: usiruke wimbo, na usimtumie mtu wa nje. Na kati ya wimbo na wimbo hakuwa anaziacha zigongane kama watu mlangoni. Alikuwa anaweka kipande cha kimya, kimya cha kweli, alichokirekodi mahali alipoishi mwaka huo. Mwaka mmoja kilikuwa cha bweni, bomba linadondoka kwa mbali. Mwaka mwingine cha jikoni kwa mama mdogo. Nesi aliwahi kumwambia kwamba vile vimya ndivyo vinavyomliza, siyo nyimbo. Kwa maneno hayo Digrii aliishi mwaka mzima bila mshahara.

Kisha akaja Benki.

Alikuwa anakaa dirishani kwenye tawi la benki, amepanga chumba jirani na Nesi, na Nesi ndiye aliyemleta kwenye kundi. Mwanamke mzuri, mcheshi, viatu haviishi. Ticha akaanza kunyoa ndevu. Fundi akaanza kuoga mara mbili. Hilo Digrii alilimeza. Alichoshindwa kumeza ni kwamba mwaka ulipokaribia kwisha, Benki aliwatumia wote mikisi yake, kabla ya Digrii, yenye picha kali juu na majina yao yamezungushiwa maua. Aplikesheni ndiyo iliyoitengeneza. Benki alibonyeza mara moja tu, akalala.

Wakaisifia. Fundi alisema imetulia. Ticha akasema ni level nyingine. Nesi, Nesi mwenyewe, akaandika kwamba mwaka huu Digrii apumzike, tayari wamepata. Aliandika kwa upendo, ndilo lililouma zaidi. Digrii alisoma mstari ule akiwa amesimama, akahisi kitu cha moto kinapanda kutoka tumboni hadi kwenye meno. Kazi hana, mpenzi hana, chumba chake ni stoo ya nywele bandia. Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho watu hawa watatu walikingojea kwake, na mashine imekipora, Benki amelala.

Akaapa atatengeneza mikisi ambayo wakiisikia hawatataka nyingine. Nyimbo alikuwa nazo. Alichohitaji ni kimya kisicho na mfano, na alijua kinapokaa.

Alipokuwa chuo alifanya mafunzo kwenye kituo kimoja cha redio, kile kile ambacho baadaye kilimwandikia samahani. Nyuma ya jengo kulikuwa na studio ya zamani, kuta zimevaa sponji, mlango mnene kama godoro. Humo alikaa Mama Salamu, mtangazaji wa kipindi cha alasiri ambaye watu waliacha vyungu viungue wakimsikiliza. Wafanyakazi walisema sauti ile haikuwa yake peke yake. Kuna kitu alikaa nacho kwenye kiti kimoja, jini linalopenda kusikilizwa. Mabosi walipomtoa na kumweka binti mbichi, Mama Salamu aliondoka bila hata kuchukua kandambili zake chini ya meza, na yule binti akapoteza sauti, na haikurudi. Studio ikafanywa stoo ya viti. Kila mwanafunzi wa mafunzo aliambiwa siku ya kwanza: ukitumwa kiti huko, chukua, toka, usifungue mdomo.

Digrii alienda mchana, saa ya chakula. Mlinzi alidhani amefuata majibu ya maombi ya kazi, akampisha kwa huruma. Mlango wa studio ulifungwa nyuma yake na dunia ikakatika. Palikuwa na harufu ya vumbi linaloungua juu ya mashine ya moto, ingawa mashine zote zilikwisha kung'olewa, na juu yake marashi ya mtu mzima. Alisimamisha simu juu ya kiti, akabonyeza kurekodi.

Na hapo ujuzi wake ukamponza. Watu wa redio hawarekodi kitu bubu. Kabla ya yote unataja kwa sauti unachorekodi na ni cha nani, ili mhariri asipotee. Walimfundisha miaka mitatu, na mdomo ukafunguka wenyewe kabla akili haijafika.

"Kimya. Studio ya nyuma. Ni cha Nesi, ni cha Ticha, ni cha Fundi."

Ule moto ukapanda tena.

"Benki hayumo."

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Hakuna kilichotokea. Nyumbani aliyakata maneno yake, akabakiza kimya, akakipandikiza kati ya nyimbo, akatuma kwa watu watatu.

Baada ya Ticha akaandika Fundi, kwamba yule dada amemuua. Jioni Nesi akapiga simu kabisa, sauti imelegea, akasema hajawahi kusikia kitu kama kile, kwamba amefuta ule upuuzi mwingine wote. Upuuzi mwingine! Digrii alijua wazi kwamba hakuna dada. Alisikiliza tena kwa hedifoni, mwanzo hadi mwisho, akasikia nyimbo zake na kimya chake basi. Angeweza kusema. Badala yake alisema, "Nilijua utampenda," akakata simu, akacheza na ufagio saluni nzima hadi mama mdogo akauliza kama ameitwa kwenye intavyuu.

Jumamosi walikutana kwa Nesi alasiri, kama kawaida yao, kuisikiliza kwa pamoja. Benki alikuwepo, alikaribishwa kabla mambo hayajageuka, na hakuna aliyekumbuka kumwambia asije. Digrii alifurahi awepo. Alitaka aone.

Wimbo wa kwanza hakuna aliyeutikisia hata kichwa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulipokwisha na kimya kikaingia, Nesi na Ticha na Fundi walivuta pumzi kwa wakati mmoja, pumzi moja ndefu kama ya mtu anayetaka kuimba, na hawakuitoa. Vichwa vililala upande. Harufu ikaja, lile vumbi linaloungua, yale marashi, ikatambaa kutoka kwenye spika hadi mapazia yakanuka. Digrii aliangalia vifua vyao vilivyosimama, macho yao yaliyojaa maji, mshipa wa shingo ya Fundi unaodunda, akasubiri watoe, akasubiri, na wimbo wa nne ulipoanza wakatoa pumzi wote pamoja, taratibu, kwa huzuni, kama walioamshwa.

"Ananiimbia mimi," alisema Ticha kwa sauti ya chini.

Nesi alimtazama bila kupepesa. "Wewe? Jina lako analijua?"

Fundi alinyanyuka, akaikumbatia spika, akageukia ukutani nayo.

Benki alimsogelea Digrii. "Wanasikia nini?" alinong'ona. "Mbona mimi nasikia upepo tu?"

Kilichomshika Digrii wakati ule, kabla ya hofu, kilikuwa kijicho. Yeye aliyekirekodi, yeye aliyekipanga, hasikii. Hata jini lilikuwa limepitia maombi yake likamwandikia samahani.

Hofu ilikuja siku zilizofuata, na ilikuja kwa mafungu. Fundi alifungua simu zote za wateja kibandani, akang'oa spika moja moja, akazitia kwenye mfuko na kuuvaa shingoni, asije mtu mwingine akamsikia. Ticha aliliambia darasa linyamaze, likanyamaza, akasimama mbele ya ubao amevuta pumzi hadi watoto wa mstari wa mbele wakaanza kulia. Nesi alikata waya wa hedifoni za Ticha kwa mkasi wa hospitali, mbele yake, akitabasamu, na kesho yake wodini mgonjwa alibonyeza kengele hadi akachoka, akaanguka akijaribu kwenda msalani peke yake, huku Nesi amesimama hatua chache kutoka kitandani, ameelekea kona, anasubiri. Wakamsimamisha kazi. Hakuonekana kujali.

Digrii aliwaomba wafute mikisi. Walikuwa wamekwisha kuifuta. Hawakuihitaji tena. Sasa dada alikuja kwenye kimya chochote kile, friji ikizima, gari likipita, mtu akimaliza sentensi. Anavuta pumzi, nao wanavuta pamoja naye, wanaishikilia hadi aanze kuimba, na kila siku, Nesi alimweleza kwa fahari akiwa amelala kifudifudi sakafuni, midomo imeingia rangi ya bluu, kila siku dada anachelewa kuanza kidogo zaidi, kwa sababu anataka kujua nani anampenda kweli, nani atamsubiri kuliko wote, na huyo ndiye atakayemchukua.

"Nenda zako, Digrii," alisema. "Wewe ulimsikia kabla yetu. Usirudi kutuonea wivu."

Nje ya mlango alimkuta Benki amekaa chini, viatu pembeni, analia. Watu wote wawili waliobaki na masikio ya kawaida walikuwa hao, na mmoja hakuweza kumtazama mwenzake usoni. Benki alisema ameongea na mtu, mganga. Alisema anajua Digrii ni msomi na hataki mambo hayo. Digrii akasema elimu yake haijamfikisha popote, haiwezi kumzuia kufika huko.

Mganga alikuwa mzee mwenye miwani na simu mbili, na alianza kwa kulalamika kwamba mwenzake wa ng'ambo ya barabara anapewa wateja kwa sababu ya bango tu, ujuzi hana. Kisha alisikiliza. Alimwuliza Digrii alisema maneno gani hasa mle studio. Digrii aliyataja, akabakiza la mwisho, maana Benki alikuwa ameketi palepale kwenye jamvi, lakini mzee alikuwa anangoja.

"Nikasema Benki hayumo."

Benki aliinamisha kichwa. Kisha alicheka kidogo, bila furaha. "Basi umeniokoa, dada yangu," alisema. "Asante."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Mganga alieleza kwamba jini lile halitaki damu wala ubani. Linataka kupendwa kuliko wote, na lisipopendwa linakaa gizani na kandambili za mtu. Digrii alilipatia watu watatu kwa mdomo wake, tena watu ambao si mali yake. Arudi mle mle, aseme aliwatoa watu wasio wake, na kwamba amewachukua tena. Litamuuliza swali moja: nani basi? Asijibu. Hata kama sauti itakuwa tamu kiasi gani, hata likibembeleza, asitaje mtu. Likikosa jibu litabaki pale pale na njaa yake.

"Mimi naenda naye," alisema Benki.

"Huna haja," alisema Digrii.

"Wewe ukiingia peke yako utaogopa, na ukiogopa utajibu. Nakujua mdomo wako."

Mlinzi aliwaruhusu tena, mchana tena, akiuliza kama na huyu naye ameomba kazi. Mlango mnene ukajifunga. Benki alishika mkono wa Digrii, na mkono wake ulikuwa na joto. Digrii alisema aliyoagizwa. Alisema Nesi si wake, Ticha si wake, Fundi si wake, hakuwa na haki ya kuwatoa, amewachukua tena. Maneno yalifia kwenye sponji papo hapo. Harufu ikaamka, vumbi linaungua, marashi, na chini ya meza, mahali palipokuwa na kandambili, kitu kikavuta pumzi.

Hapo ndipo alipolisikia kwa mara ya kwanza. Lilivuta pumzi kama mtu anayekujua, kama mtu aliyekukosa siku nyingi na sasa amefungua mlango akakuona, na Digrii, ambaye tangu amalize chuo hakuna aliyefungua mlango akafurahi kumwona, akataka liimbe, akataka liimbe hata kama baada ya hapo hakutakuwa na kitu, akashikilia pumzi yake bila kujua, kifua kinawaka, masikio yanavuma, na ile sauti, badala ya kuimba, ikauliza polepole, kwa upole wa mama anayegawa chakula:

"Nani basi?"

Hakujibu. Aliuma ulimi hadi akaonja damu. Alikaza midomo, akaomba kila alichojua kuomba, na hakutaja jina la mtu, wala herufi ya jina la mtu.

Ila macho yake yaligeuka. Yaligeuka yenyewe, kama mdomo ulivyofunguka wenyewe siku ile, yakatua kwa mwanamke aliyesimama kando yake amefumba macho, mzuri, mwenye kazi, mwenye kushukuru hata akitukanwa. Muda wa kupepesa tu. Kisha aliyarudisha sakafuni.

Harufu ikakatika. Mahali pakawa stoo ya viti.

"Imekwisha?" aliuliza Benki.

"Imekwisha," alisema Digrii.

Ilikwisha kweli. Ticha alirudi darasani akasema alikuwa na malaria. Fundi aliwarudishia wateja spika zao, wengine tofauti na walizokuja nazo. Nesi alirudishwa wodini baada ya barua nyingi, na siku ya kwanza alikuja saluni kwa Digrii, akakaa kiti cha wateja, akalia bila kusema kwa nini. Mwaka ukazunguka. Digrii hakupata kazi, ila alipata kitu ambacho hakukitegemea: Benki akawa rafiki yake kuliko wote. Alimletea matangazo ya nafasi, alimsahihishia sivii, alimngojea nje ya intavyuu na chupa ya maji. Kuna siku nzima zilipita Digrii hakumwonea wivu hata mara moja.

Mwaka ulipokuwa unafungwa walikuwa wamekaa saluni alasiri, wateja hakuna, mama mdogo amekwenda sokoni. Nesi alikuwa amekwisha kuomba: mwaka huu mikisi itengenezwe na Digrii, na vile vimya viwe vya saluni. Digrii alikuwa anarekodi feni.

Benki alifungua simu yake, akacheka. Ile aplikesheni ilikuwa imemletea hesabu ya mwaka wake, nyimbo alizozipenda kuliko zote, zimepangwa zenyewe. Akamgeuzia Digrii kioo. Wa kwanza kabisa, juu ya nyimbo zote alizosikiliza mwaka mzima, ulikuwa hauna jina wala mwimbaji, na picha yake ilikuwa nyeusi tupu.

"Hata siujui," alisema Benki. "Inasema nausikiliza kila siku."

Aliubonyeza, akatia kipokea sauti kimoja sikioni. Uso wake ukatulia. Kichwa kikalala upande, taratibu, na kifua chake kikajaa.

Saluni ikaanza kunuka vumbi linaloungua.

Digrii alijua la kufanya. Alijua ampokonye simu, apige kelele, awashe redio, akimbie kwa mganga. Mkono wake ulinyooka kweli. Ulipita juu ya simu, ukakishika kile kipokea sauti cha pili kilichokuwa kinaning'inia, akakiingiza sikioni kwake, akavuta pumzi, akasubiri.

Alisikia upepo tu.

"Anasemaje?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa na ule moto wa zamani. "Benki. Niambie na mimi. Anasemaje?"

Benki, midomo yake ikianza kubadilika rangi, alimwekea kidole mdomoni kumnyamazisha.